Kutoka Johannesburg hadi Baharini kwa Nyumba ya Magurudumu

Kila mwaka ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, jiji la Johannesburg hupungua watu. Kampuni za ujenzi husimamisha kazi, shule hufungwa, na barabara kuu ya N3 iendayo Durban hufurika magari. Miongoni mwake yamo yanayokokota nyumba ndogo zenye magurudumu, vitanda, jiko na mapazia madirishani. Nyumba hizo huitwa karavani.

Jina hilo lina uhusiano na historia ya Waswahili. Waingereza walilitumia kuitaja misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kuelekea Bagamoyo, mji ambao wengi hulifasiri jina lake kuwa ni mahali pa kubwaga moyo. Wakazi wa Johannesburg, jiji lililo kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, nao huteremka pwani kwa nia iyo hiyo.

Safari ni ya kilomita 570 hivi. Mwenye haraka huimaliza kwa siku moja, lakini mwenye karavani hana sababu ya kukimbia, kwani nyumba anayo mgongoni kama kobe.

Kituo cha kwanza chaweza kuwa kijiji cha Van Reenen, ambapo barabara huanza kuteremka milima ya Drakensberg. Hapo pana kanisa la Kikatoliki lenye viti vinane tu. Lilijengwa na Maynard Mathews kwa kumbukumbu ya mwanawe, Llandaff, aliyefariki mwaka 1925 baada ya kuwaokoa watu wanane katika mgodi wa makaa ya mawe. Idadi ya viti ni idadi ya waliookolewa.

Mbele zaidi, karibu na mji wa Howick, msafiri huiacha N3 na kushika barabara ya zamani ya R103. Hapo ndipo polisi walipomkamata Nelson Mandela tarehe 5 Agosti mwaka 1962, akitoka Durban kurudi Johannesburg huku akijifanya dereva. Mwaka 2012 paliwekwa nguzo 50 za chuma, kazi ya msanii Marco Cianfanelli. Ukizitazama kwa ubavu huoni ila vyuma vilivyosimama. Ukisimama mbele yake, umbali wa mita 35, vyuma hivyo hukusanyika na kuwa uso wa Mandela.

Barabara hii, basi, si ya starehe peke yake. Sheria ya mwaka 1953 iligawa huduma za umma kwa misingi ya rangi, na fukwe za bahari zikagawanywa vivyo hivyo. Familia ya Soweto iliweza kufika Durban, lakini haikuweza kutandika mkeka mahali ipendapo. Mwaka 1989 waandamanaji waliingia kwa makusudi katika fukwe zilizotengewa Wazungu. Mwaka uliofuata Mandela aliachiwa huru, na sheria ile ikafutwa. Mtoto mweusi anayejenga kasri la mchanga leo mbele ya karavani ya wazazi wake anafanya jambo ambalo babu yake angelifukuzwa kwalo.

Kusini mwa Durban, kambi za karavani zimetapakaa katika miji kama Scottburgh na Margate. Kuogelea ni sehemu tu ya mambo ya kufanya. Karibu na Port Shepstone kuna bonde la Oribi, lililochongwa katika mawe na mto Mzimkulwana. Karibu na Port Edward kuna eneo dogo la mchanga mwekundu, lenye upana wa mita 200 hivi, linalosifiwa kuwa miongoni mwa majangwa madogo kabisa duniani. Mtu hulivuka kwa miguu kabla chai yake haijapoa.

Ila kioja kikubwa hutokea mwezi wa Juni na Julai, wakati makundi makubwa ya sadini yanapopanda kutoka maji baridi ya kusini, yakifuatwa na pomboo, papa na ndege. Siku ambazo samaki husogea karibu na nchi kavu, watu hujitosa na ndoo, vikapu na hata nguo zao, wakiwachota kwa mikono. Kwa sababu ya papa, kuogelea hukatazwa baadhi ya siku hizo, na marufuku hiyo yapasa kuheshimiwa.

Leo kizuizi si bango tena, bali ni bei. Mwezi wa Desemba gharama hupanda. Majira ya Juni huwa nafuu zaidi, na pwani hiyo haina baridi kali kama ya Johannesburg. Asiye na karavani anaweza kutafuta ya kukodi. Anayekokota yenye uzito unaozidi kilo 750 anahitaji leseni ya daraja la EB, na mgeni kutoka nje asiache pasipoti nyumbani. Aidha, yafaa kuulizia hali ya ufukwe kabla ya kuondoka, kwani baada ya mafuriko ya Aprili 2022 baadhi ya fukwe za Durban zilifungwa kwa sababu ya maji machafu.

Waliopigania fukwe hizo walidai pia haki ya kupumzika. Haki hiyo hutimia pale familia inapoegesha, inapoinjika chungu cha chai, na kuisikiliza bahari bila kumwomba mtu ruhusa.