Maji na Chumvi ya Wieliczka



Mgeni afikaye Wieliczka, mji mdogo karibu na Kraków nchini Poland, hushuka vidato vipatavyo 380 kabla hajaiona kazi ya wachimbaji. Katika kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini ya ardhi, sakafu, sanamu, hata mapambo ya taa, yote ni chumvi.

Wengine huja kwa tiba. Katika miaka ya 1830 daktari wa mgodi, Feliks Boczkowski, alianza kuwaogesha wagonjwa maji ya chumvi. Leo wenye maradhi ya kifua hushushwa mita 135 wakavute hewa ya huko.

Lakini maji ndiyo adui. Unyevu, zikiwemo pumzi za wageni wenyewe, ulizila sanamu hata Unesco ikauhesabu mgodi miongoni mwa urithi ulio hatarini, kuanzia 1989 hadi 1998. Mwaka 1992 maji yalibubujika katika njia moja ya chini, na ardhi ya juu ikatitia.

Uchimbaji wa biashara ulikoma 1996. Wachimbaji wangali wakishuka, ila sasa huegemeza mapango kwa magogo na kuyavuta maji yaingiayo. Nayo hayamwagwi: huchemshwa, na chumvi yake huuzwa.