Mgonjwa Asiyeambiwa Ugonjwa Wake
Hotuba ya kamati ya kuwazuru wagonjwa, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kabati



Sisi tuliopewa kazi ya kuwazuru wagonjwa wa chama twawaletea yale tuliyoyasikia majumbani mwao. Tulipoianza kazi hii tulidhani neno la kwanza litakuwa fedha. Nayo fedha ni shida kweli: tangu Oktoba 2024, ilipoondolewa bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966 na mahali pake pakashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, wamo kati yetu wasiojua kama wameandikishwa au la. Wengine walilia na foleni, wengine na dawa zilizokwisha. Lakini walipokwisha kuyataja hayo walinyamaza kidogo, kisha wakasema jambo jingine, karibu kwa maneno yale yale: "Hatukuambiwa tunaumwa nini."

Mzee mmoja wetu alipewa vidonge vya shinikizo la damu. Kichwa kilipopoa akaviacha, akavitia sandukuni viwe akiba ya siku mbaya. Miezi michache baadaye alianguka shambani, na leo mkono wake wa kulia hauinui jembe. Hapana aliyemweleza kwamba ugonjwa ule huweza kukaa mwilini bila maumivu yoyote, na kwamba dawa yake humezwa kila siku hata mtu akijiona mzima. Alichopewa ni kibahasha kilichoandikwa "1 x 2". Tulipomwuliza kwa nini hakuuliza, alijibu, "Daktari alikuwa akiandika."

Mwajua wenyewe jinsi mambo yalivyo chumbani mle. Daktari na muuguzi husemezana kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa. Mgonjwa husemeshwa kwa Kiswahili. Naye maumivu yake ayajua kwa Kikamba. Kiswahili cha wazee wetu wengi ni cha sokoni. Chatosha kununulia mbuzi, hakitoshi kuelezea tumbo. Tena Kiswahili chenyewe kina mitego yake: mtu akisema chembe cha moyo chamwuma, hasemi moyo, asema pale juu ya tumbo. Akikosea mfasiri hapo, mgonjwa atatibiwa maradhi ya mwingine.

Na mfasiri ni nani? Hapa twaomba akina mama watuwie radhi. Bibi mmoja alikwenda kutibiwa maradhi ya kike, naye mwenye kumfasiria alikuwa mjukuu wake, mvulana wa darasa la saba. Daktari aliuliza, mtoto akafasiri, bibi akatazama chini. Akasema mgongo wamwuma. Akapewa dawa ya mgongo, akarudi nyumbani na ugonjwa wake kama alivyokwenda nao. Aliwaambia wanakamati wetu wa kike habari hii baada ya kuzuriwa mara tatu, na mara ya tatu walikwisha kuaga tayari, wamesimama mlangoni.

Hatukuja kuwashitaki wauguzi. Mwenye foleni ya asubuhi nzima mbele yake hana nafasi ya kuzungumza, nasi tumewaona wengine wakifanya kazi bila kula. Kosa letu nalo lipo. Tumelelewa kwamba mkubwa haulizwi, basi twamwitikia daktari "ii, ii" kwa neno tusilolielewa, kisha twatoka nje kumwuliza mwenye kuuza chai. Tena twaficha mitishamba tuliyokunywa jana, ilhali yaweza kugombana na dawa za leo.

Lakini yafaa mjue, maana hata sisi hatukujua mpaka mwaka huu, kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, na yaagiza kwamba, panapowezekana, aelezwe kwa lugha aielewayo na kwa kadiri ya elimu yake. Kadhalika yampa ruhusa ya kulalamika kwa namna alivyotendewa, na malalamiko yake yachunguzwe. Basi kuuliza si utovu wa adabu.

Kwa hiyo twaomba kila utui utuchagulie watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kujua Kikamba na Kiswahili na kusoma maandishi ya Kiingereza. Hao watafuatana na mgonjwa akiwataka. Watachukua dawa zake za zamani zionekane, na hawatatoka kabla ya kujua jina la ugonjwa, kazi ya kila dawa, na siku ya kuiacha, kama ipo. Watakayoyasikia watayaacha huko huko. Atakayeyaleta sokoni ataondolewa. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa na Serikali mwaka 2023 ili wapite nyumba kwa nyumba, nao tungependa kuwashirikisha, kwani wanazijua nyumba zetu.

Nauli ya wafuasi hao itatoka katika mfuko wa chama, nasi hatuwezi kuigusa bila kura yenu ya leo. Yule bibi amekubali kurudi hospitali wiki ijayo. Mama wa kufuatana naye amekwisha kumchagua mwenyewe, na mjukuu wake atakuwa shuleni.