Damu Kavu Husafiri Bila Barafu

Hotuba ya afisa wa maabara katika baraza la wananchi, Funyula



Huku Samia naulizwa sana: damu ya mtoto inatokaje zahanati hadi maabara ya KEMRI kule Alupe ndani ya bahasha, bila barafu, na jibu liaminike?

Virusi vya Ukimwi hubeba maelezo yao ya urithi kwenye RNA, na RNA huharibika upesi. Vimeng'enya vinavyoikatakata vimo ndani ya damu yenyewe, hata kwenye vidole vyetu. Lakini havifanyi kazi pasipo maji. Baridi huvipunguza kasi, ukavu huvizuia. Wanaokausha omena Sio Port wanalielewa jambo hili, ila damu haianikwi juani.

Mtoto wa mama mwenye virusi hudungwa kisiginoni akiwa na wiki sita. Matone hujaza miduara ya karatasi maalumu. Karatasi hulazwa kivulini, mbali na moto, bila kuguswa, kwa muda wa saa nne au zaidi. Msimu wa mvua ni heri ilale usiku kucha. Kisha hufungwa pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu na kadi ndogo ya bluu. Kadi ikigeuka waridi, unyevu umeingia.

Hasara huanzia hapo. Karatasi iliyofungwa mbichi huota ukungu, maabara huikataa, mama huitwa upya. Nauli ikikosekana, harudi. Na kati ya watoto walioambukizwa wasiopata dawa, karibu nusu hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hivyo muuguzi akisema karatasi haijakauka, msimharakishe.

Si kila sampuli huenda hivi. Madereva wa malori walipopimwa Korona Busia na Malaba mwaka 2020, sampuli zao zilikuwa za majimaji, zikahitaji baridi. Hata kupima wingi wa virusi kwa mtu mzima, majimaji ya damu yaliyohifadhiwa kwa baridi huonyesha vizuri zaidi virusi vikiwa vichache.

Vijana wa bodaboda, mkipewa pakiti hiyo, isilowe, isiachwe juani, wala msiifungue.

Na mama, ukibadilisha namba ya simu, mwambie muuguzi. Jibu likitoka Alupe, atakutafuta kwa namba hiyo.

Sasa maswali.