Picha Nyingi, Ardhi Moja

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi

 

Swali ninaloulizwa sana ni hili: droni ikipita juu ya shamba langu, inatafuta nini?

Ziba jicho moja, kisha ujaribu kupitisha uzi kwenye sindano. Utahangaika. Macho mawili hutazama kitu kutoka pembe mbili, na tofauti hiyo ndogo ndiyo hukujulisha umbali. Droni nayo hupiga mamia ya picha zinazopandana, ili kila sehemu ionekane katika picha kadhaa. Kompyuta hutafuta jiwe lile lile, au kona ile ile ya paa, katika picha hizo zote, halafu hukokotoa kimo chake. Nukta nyingi kama hizo zikiunganishwa, tunapata sura ya ardhi: mabonde, matuta na makorongo.

Hilo lina faida gani? Kumbukeni Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Maafisa wa maji walieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma yake. Yalipopasua kizuizi hicho, tulipoteza zaidi ya watu 40. Kwenye ramani ya kawaida, reli ni mstari tu. Sura ya ardhi inaonyesha tuta, bonde lililo nyuma yake, na nyumba zilizo chini.

Lakini kamera ina mipaka. Penye miti mingi huona matawi, si udongo. Maji yanayometameta huichanganya. Na ikiwa juu angani, haiwezi kuona kwamba karavati limeziba ndani. Hilo mnaliona ninyi mnaopita hapo kila siku.

Kuhusu mashamba, msiwe na hofu: picha peke yake haihamishi mpaka wa mtu. Anayerusha droni anahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Mwulizeni aonyeshe.

Ombi langu ni moja. Ukiona karavati limeziba au korongo linapanuka, piga picha kadhaa kutoka pande tofauti, ukisimama mahali salama, kisha umpelekee chifu au msimamizi wa wadi. Fanya hivyo leo, kabla mawingu hayajatanda.