Mbwa Aliyenyamaza Ghafla

  Labda umerudi sasa hivi kutoka kuchuma majani chai na mgongo unauma. Labda unamnyonyesha mtoto. Labda wewe ni nyanya unayebaki na wajukuu wakati wazazi wao wako kazini. Vuta kiti uketi, tuzungumze kidogo.

Leo tunazungumza juu ya mbwa wa nyumbani. Mbwa mkali anayewafukuza watoto njiani tunamjua sote, na watoto wenyewe humkimbia. Leo nataka tumwangalie mbwa mwingine, yule mnyamavu, ambaye kila mtu hupita karibu naye bila wasiwasi.

Kwanza, mama, usiogope bure. Wako mbwa ambao kimya ndiyo tabia yao. Kuna jamii ya mbwa iitwayo Basenji, ambayo asili yake ni misitu ya Kongo, na mbwa hao hawabweki kama wengine. Hata hapa kwetu, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, kuanzia Kapsuser hadi Silibwet, utakuta mbwa ambaye tangu alipokuwa mdogo hana maneno mengi. Anakula vizuri, anatikisa mkia, anamlaki mtoto akitoka shule. Huyo ni mzima. Mshukuru Mungu na ulale usingizi.

Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jambo la kuangalia ni mabadiliko. Mbwa aliyekuwa akibweka kila usiku, kisha ghafla amenyamaza. Mbwa aliyekuwa akicheza na watoto, sasa anajificha chini ya ghala. Mbwa wa namna hiyo anakuambia kitu.

Huenda ana ugonjwa wa kupe. Huenda ana minyoo, amekula sumu, amepigwa, au ni uzee tu. Lakini huenda pia ana kichaa cha mbwa.

Najua utauliza: "Kichaa? Si mbwa mwenye kichaa hukimbia ovyo na kuuma kila anachokutana nacho?" Ndiyo, wengine hufanya hivyo. Lakini kichaa cha mbwa kina sura mbili. Sura ya pili ni ya kimya, ya kupooza. Mbwa huyu hafukuzi mtu. Anajitenga na kupenda mahali penye giza. Anaacha kula. Sauti yake inabadilika, inakwaruza au inapotea kabisa. Taya la chini linalegea, mdomo unabaki wazi na mate yanachuruzika, kwa sababu hawezi kumeza. Miguu ya nyuma inakosa nguvu, anapepesuka. Baada ya siku chache anakufa.

Sasa, mama, sikiliza hapa kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi wema huponzwa na huruma yao. Mbwa akiwa mdomo wazi, mate yanatoka, anajaribu kumeza bila kuweza, wewe utasema nini? Utasema, "Maskini, amekwamwa na mfupa!" Na mtoto anayempenda mbwa wake atatia mkono mdomoni autoe mfupa huo. Mfupa haupo. Kilichopo ni mate yenye virusi vya kichaa. Mkono ukiwa na mkwaruzo, virusi vinaingia. Na nani kati yetu, wachuma chai, ana vidole visivyo na mkwaruzo hata mmoja?

Kwa hivyo usitie mkono katika mdomo wa mbwa mgonjwa, na usimruhusu mtoto kufanya hivyo. Usimpe dawa kwa kumfungua taya. Watoto waingie ndani. Mbwa akiwa mahali unapoweza kumfungia bila kumgusa, funga mlango, kisha mwite afisa wa mifugo. Kama humjui, chifu au mzee wa kijiji atakuonyesha.

Ugonjwa huu hufanyaje kazi? Virusi huingia mahali palipoumwa au palipokwaruzwa, au mate yanapogusa jicho au mdomo. Kisha hupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Inaweza kuwa wiki moja tu, na inaweza kupita mwaka. Mtoto aliyeumwa usoni au kichwani yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa safari ni fupi. Na watoto ni wafupi, uso wao uko karibu na mdomo wa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hivyo kidonda kupona si dalili kwamba hatari imekwisha. Dalili zikishaanza, mgonjwa anaogopa maji, anashindwa kumeza, anahangaika au anapooza, hapo hakuna tiba, na karibu wote hufa. Lakini kabla ya dalili kuanza, ugonjwa huu unazuilika. Mwaka 1885 mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alisimamia kuchanjwa kwa mvulana wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mvulana yule akaishi. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Tumeishi nao zaidi ya miaka 100, na chanjo ipo.

Mtoto akiumwa, akikwaruzwa, au mbwa akiramba kidonda chake, fanya hivi.

Kwanza, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Kama hamna bomba, mtu mmoja amwage maji kwa jagi, mwingine aoshe. Sabuni ya kufulia inatosha. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, lakini usiharakishe. Sabuni huviharibu virusi vingi kabla havijaanza safari.

Pili, usipake udongo, majivu, pilipili, mafuta ya taa wala majani ya kusagwa. Usifunge kidonda kwa kukaza.

Tatu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Zahanati ya karibu itakuelekeza. Chanjo ikikosekana hapo, usirudi nyumbani. Uliza inapatikana wapi, kama ni hospitali kubwa ya Kericho, Kapkatet au Longisa, na mwende. Kidonda kikiwa kibaya, daktari anaweza pia kuongeza dawa nyingine ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda.

Zamani watu waliogopa sindano nyingi za tumboni. Siku hizi si hivyo. Mtu mzima hudungwa begani, na mtoto mdogo pajani. Sindano hutolewa kwa siku tofauti, na mhudumu atakuandikia tarehe. Usiache katikati kwa sababu mtoto anaonekana mzima, au kwa sababu ni msimu wa chai nyingi. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha pia huchanjwa. Mimba haikuzuii.

Kuna jambo lingine la nyumbani. Watoto wengi huficha kwamba wameumwa. Wanaogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa, au wanaogopa mbwa wao atauawa. Mwambie mtoto wako leo, kabla ya jambo lolote kutokea: "Mbwa akikuuma au akikukwaruza, niambie. Sitakuchapa." Neno hilo linaweza kuokoa maisha yake. Mwambie hivyo hivyo yaya, na dada mkubwa anayewalea wadogo zake.

Na mbwa je? Akiwa amemwuma mtu na bado yu hai, msimuue kwa haraka. Afadhali afungiwe, afisa wa mifugo amtazame kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku ile ataugua au kufa ndani ya muda huo. Lakini wewe usingoje siku hizo 10 ndipo uende hospitalini. Akifa, msimguse kwa mikono mitupu na msimtupe mtoni au kwenye michai. Afisa wa mifugo huenda akahitaji ubongo upimwe, na Kericho kuna maabara ya serikali ya mifugo. Ndiyo maana si vizuri kumpondaponda kichwa.

Msisahau ng'ombe pia. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa huyo anaweza kupata kichaa, naye hutoa mate na kuonekana kama amekwamwa na kitu kooni. Usimtie mkono mdomoni, na maziwa yake yasinywewe. Mwite afisa wa mifugo.

Kinga bora ni kumchanja mbwa. Achanjwe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mbwa 7 kati ya kila 10 katika eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Serikali ya Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mpango huo unakuhitaji wewe. Mara nyingi chanjo za hadhara hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukisikia tangazo kwenye baraza au kituo cha kununulia majani chai, mpeleke mbwa. Hata yule mpole. Hata yule asiyetoka nje ya boma, kwa maana wewe umelala usiku, hujui anatembelewa na nani.

Basi, mama, jioni ya leo mbwa wako akija kupokea ugali wake, mtazame kidogo. Anakula? Anatembea sawasawa? Sauti yake ni ile ile? Na kadi yake ya chanjo iko wapi?

 Mwambie na jirani. Mpaka tukutane tena, kaa salama wewe na watoto.