Snow Hakuzaliwa Dikteta

 

Nimepewa dakika chache niongelee filamu, nimechagua The Hunger Games: The Ballad of Songbirds & Snakes ya mwaka 2023. Inasimulia mambo ya miaka 64 kabla ya Katniss. Snow, yule rais katili, hapa bado ni mwanafunzi. Ukoo una jina kubwa ila nyumbani njaa, anahangaikia pesa ya chuo. Wilaya zinazalisha, makao makuu yanakula. Sisi watu wa pamba hapo hatuhitaji mkalimani.

Uzuri wake ni huu: Snow anaharibika kidogo kidogo, na kila hatua ana sababu. Tom Blyth ameigiza mpaka unamhurumia. Halafu anamrekodi rafiki yake Sejanus kwa siri na kumpeleka kwa wakubwa. Sejanus ananyongwa, Snow anarudishwa mjini. Jamani, si tuliwaona wenzetu walioondoka eti "kuunga mkono juhudi"? Wengi hawakugeuka kwa siku moja.

Sasa udhaifu. Sehemu ya tatu inakimbizwa mno. Lucy Gray anaimba vizuri, lakini anachowaza hatukijui. Waasi tunawaona wakinyongwa, wanachodai hatukisikii vya kutosha.

Kubwa zaidi, filamu inatufanya tuamini shida ni moyo wa mtu mmoja. Mimi kama mwanafunzi wa sheria nakataa. Hata Snow angebaki mwema, michezo ile ingeendelea, maana kanuni zipo na kuna anayezitunga. Someni Katiba yetu ya 1977. Ibara ya 74: wajumbe wa Tume ya Uchaguzi wanateuliwa na Rais. Ibara ya 41(7): Tume ikishatangaza Rais amechaguliwa, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, iliyoko hapo Arusha, iliamua kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kifungu bado kipo.

Kwa hiyo itazameni, ila msiishie kumchukia Snow. Ukimtoa yeye ukaacha kanuni, atakuja mwingine. Na kila mmoja ajiulize mapema: nikiahidiwa ada au cheo, mwenzangu nitamuuza?

 Anayepinga anyooshe mkono, tujadili.