Mgeni Mpe Jembe, Mpe na Kadi ya Chama

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa genge la njia ya reli, katika mkutano wa tawi, Kambi Muru, Kibera)



Nimepewa nafasi ya kusema machache kabla hatujapiga kura. Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Kontrakta anayefyeka nyasi na kupakia kokoto amewaandika vibarua waliotoka Uganda na Kongo, kwa ujira ulio chini ya ule tuliouzoea. Baadhi yetu wameandika barua kwamba watu hao wasipokewe katika chama, na wenye nyumba wasiwapangishe vyumba. Nasema wazi: jina langu ni la tatu katika barua ile. Leo nataka lifutwe, na yafaa niwaeleze sababu.

Kwanza, sikuja kuwadanganya kwamba hakuna shida. Watu wakizidi, kodi ya chumba hupanda na foleni ya maji hurefuka. Tena mwenye kazi akiona watu kumi langoni wanaotaka nafasi moja, hupunguza ujira. Asemaye kwamba hayo si kitu hajalala Kambi Muru hata usiku mmoja. Lakini tuulizane: ujira huu umeshushwa na nani? Je, kibarua hujipangia mshahara? La. Anayeupanga ni yule anayelipa, naye hufurahi akituona tukigombana na mwenye njaa badala ya kumwendea yeye.

Pili, tuulizane mwenyeji wa hapa ni nani. Jina hili la Kambi Muru latokana na Wamuru, watu wa Sudan Kusini. Askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles walipewa nafasi hapa Kibera na Waingereza tangu mwaka 1904, nao ndio asili ya Wanubi, jirani zetu. Walifyeka msitu, wakajenga, wakazaa. Hata hivyo wajukuu wao waliendelea kuitwa wageni, na hati ya ardhi ya eka 288 waliipata mwaka 2017 tu. Na sisi wengine je? Wazee wetu walitoka Nyanza, Magharibi na Ukambani, wakapanga vyumba katika nyumba za hao Wanubi. Basi aliyepanga jana leo amwita mwenziwe mgeni!

Hata reli yenyewe ni kazi ya wageni. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba, na wapatao 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Tena kumbukeni Makhan Singh. Alizaliwa Punjab, akaja Kenya mwaka 1927 akiwa kijana. Mwaka 1935 alikiongoza chama cha wafanya kazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1949 akaungana na Fred Kubai kuunda shirikisho la vyama. Wakoloni walimweka kizuizini tangu 1950 hata 1961. Huyo naye alikuwa mgeni.

Tatu, kufukuza watu hakujazi sufuria. Mwaka 1970 wafanya kazi Wakenya wapatao 30,000 walitolewa Uganda, ili nafasi zao wapewe wenyeji. Babu yangu, mtu wa mataruma kama mimi, alivuka Malaba mwaka huo na sanduku moja la bati. Alikuwa akisema kwamba kilichomwuma si kazi aliyoipoteza. Kilichomwuma ni kuitwa mgeni na watu aliokula nao ugali katika sufuria moja. Miaka miwili baadaye Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora, na sukari ikawa adimu. Wenyeji hawakutajirika.

Nne, tazameni Marekani. Tangu mwaka 1942 serikali ya huko ilifanya mapatano na Mexico kuleta vibarua wa mashamba, na toka 1943 hata 1945 wengine waliletwa kutengeneza njia ya reli, kazi kama hii yetu. Wenye mashamba ya California waliwatumia Wamexico kuvunja migomo ya Wafilipino, na Wafilipino kuvunja migomo ya Wamexico. Lakini Septemba 1965, huko Delano, Wafilipino wa Larry Itliong waliacha kuchuma zabibu, na baada ya siku nane Wamexico wa Cesar Chavez wakaamua kugoma pamoja nao. Mwaka 1966 vyama viwili vikawa kimoja. Walisumbuka miaka mitano, na mwaka 1970 wenye mashamba wakatia sahihi mikataba. Ujanja wa zamani uliwashinda, kwa kuwa hapakuwa na wa kumtumia dhidi ya mwenziwe.

Basi naomba mambo matatu. Mosi, vibarua hawa waandikishwe katika chama, walipe ada kama sisi. Pili, tudai ujira mmoja kwa kazi moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya uraia wake, na yaagiza malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kontrakta akilazimika kulipa sawa, hana faida tena ya kututoa sisi. Tatu, tuwasaidie kupata karatasi zao. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limeanza Julai 2010, na Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo njia ya halali ipo. Asiye na karatasi hutishwa kwa polisi, na anayetishwa hukubali senti yoyote.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe wameshalishika. Kilichobaki ni kadi.

Bwana Mwenyekiti, naomba kalamu nifute jina langu.